Kupanda Aberdare: tope, mianzi na njia zisizo na alama

Milima ya Aberdare, ambayo Wakikuyu huiita Nyandarua, haina urefu wa kutisha. Kilele chake cha juu kabisa, Ol Donyo Lesatima (wapandaji husema Satima tu), kina mita 4,001, na kinachofuata, Kinangop, kina mita 3,906. Mtu aliyewahi kufika Point Lenana kule Mlima Kenya, mita 4,985, huziona namba hizi akacheka. Halafu anaingia kwenye mianzi ya Njabini mwezi wa tano, na saa tatu zikipita bado hajamaliza kilomita nne.

Kwenye njia nyingi za hapa hutakuta vibao, mawe yaliyopakwa rangi, wala vibanda vya kulala. Kinachowashinda watu ni saa zaidi ya mwinuko: tope hula muda, muda ukiisha giza huingia, na gizani njia ya ndovu na njia ya watu hazitofautiani. Karibu kila shauri lililo hapa chini linahusu kuokoa muda au kutopotea, kwa sababu mambo hayo mawili huenda pamoja.

1. Chagua kilele, kisha chagua mwezi

Kwa safari ya kwanza chukua Elephant Hill, upande wa kusini, takriban mita 3,600. Njia huanzia kituo cha misitu cha Njabini; kutoka Nairobi unashika barabara ya Naivasha na kuiacha mahali panapoitwa Flyover. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 18 hadi 20, na kupanda ni karibu mita 1,000. Satima ni kirefu zaidi, lakini ukiingilia geti la Wanderis unaanzia juu tayari, penye nyasi na vichaka, hivyo shida kubwa huko ni ukungu na baridi. Usidanganywe na Kipipiri, mlima uliojitenga upande wa magharibi. Una mita 3,349 tu, ila mianzi yake ni minene na haina huruma.

Januari na Februari ndiyo miezi mizuri, ikifuatwa na Agosti na Septemba. Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba ni mvua. Juni na Julai watu hudhani ni kiangazi, kumbe manyunyu na ukungu havikatiki. Hata Februari usitarajie mianzi kuwa mikavu. Jua halifiki chini, ukungu hudondoka kutoka kwenye majani usiku kucha, na udongo wa volkeno uliokanyagwa na kwato na buti hushika maji. Kabla ya kuondoka, uliza mvua ya siku tatu zilizopita. Utabiri wa siku yenyewe utakuambia kama utalowa. Siku tatu za nyuma zitakuambia kama tope litakufika kwenye kifundo au kwenye goti.

2. Ruhusa na askari

Sehemu ya milima hii iko chini ya Shirika la Wanyamapori (KWS), na misitu inayoizunguka iko chini ya Huduma ya Misitu (KFS). Njia moja inaweza kukupitisha kwa wote wawili, basi piga simu kwa kituo unachoanzia siku chache mapema na uulize malipo gani yanahitajika na kwa nani. Ada za KWS hulipwa kupitia eCitizen, mfumo wa serikali wa malipo ya mtandaoni. Usiende na noti ukidhani utaelewana getini.

Usiingie bila askari mwenye silaha. Ndovu na nyati wapo kweli. Kundi likizidi watu kumi, omba askari wawili, mmoja mbele na mwingine nyuma, kwa sababu kundi likishaingia kwenye tope hunyooka mita mia tatu na wa mwisho hubaki peke yake. Mwulize askari swali moja kabla ya kuanza: mara ya mwisho kupita njia hii ilikuwa lini? Askari aliyehamishwa juzi kutoka Tsavo anajua wanyama, lakini njia hizi huenda hazijui. Ikiwa hivyo, tafuta pia kijana wa kijijini anayezijua.

3. Andaa njia ukiwa nyumbani

Pakua ramani ya eneo lote kwenye simu ili isomeke bila mtandao, pamoja na rekodi ya njia ya mtu aliyepita hivi karibuni. Rekodi ya miaka mitano iliyopita inaweza kukuingiza mahali ambapo mianzi imeshaziba. Weka simu katika hali ya ndege. GPS itaendelea kufanya kazi. Beba pawabenki, na simu iwe mfuko wa ndani karibu na mwili, kwani baridi hufyonza betri. Chini ya mianzi minene alama yako kwenye ramani itarukaruka mita kadhaa huku na huko, basi usigeuke kwa kila mruko wake.

Ukitumia ramani za karatasi za 1:50,000 za Survey of Kenya (idara ya upimaji), ujue zimechorwa kwa mfumo wa kupimia mahali uitwao Arc 1960, ilhali simu yako inatumia mfumo mwingine, WGS84. Ukichukua namba za mahali kutoka kwenye ramani na kuzipeleka kwenye simu bila kubadilisha mfumo, utakosea kwa takriban mita 300. Mita 300 uwandani si kitu. Kwenye mgongo mwembamba wa mlima, hizo ni bonde jingine.

Beba na dira. Hapa Kenya tofauti kati ya kaskazini ya sumaku na kaskazini ya kweli ni ndogo sana, chini ya digrii 2, kwa hiyo huhitaji hesabu yoyote.

Sasa piga hesabu ya muda, na uiandike. Kwenye njia kavu ya msituni mtu wa kawaida huenda kilomita 3 hadi 4 kwa saa. Kwenye mianzi yenye tope hesabu kilomita 1 hadi 1.5. Kwenye nyasi za mafundo kule juu, kilomita 2. Kwa Elephant Hill hiyo ni saa nne hadi tano kupanda na tatu hadi nne kushuka. Jua huzama karibu saa 12 na nusu jioni mwaka mzima, na ndani ya mianzi giza huwahi nusu saa. Anza kutembea saa 12 na nusu asubuhi, au saa 1 ukichelewa sana. Saa 7 mchana geuza, popote ulipo. Kilele kinaonekana, kimebaki dakika ishirini, mawingu yamefunguka: geuza. Kundi likubaliane juu ya saa hiyo kabla ya kuondoka, kwa sababu ukiisema mara ya kwanza mkiwa juu hakuna atakayekusikiliza.

4. Miguu kwanza, mengine baadaye

Mjadala wa gambuti na buti za kupandia mlima hauishi, na jibu linategemea tope. Tope likipita kifundo, gambuti hushinda. Ni za bei nafuu, huoshwa kwa ndoo moja, na ndizo wenyeji wengi huvaa. Chagua zenye meno marefu chini na shingo inayofika karibu na goti, zikiwa kubwa kwa namba moja, kisha vaa soksi mbili: nyembamba ndani, nene ya sufu nje. Ubaya wake ni tatu: kifundo hakishikiliwi, ukingo wa juu hukwaruza shavu la mguu usipovaa soksi ndefu, na maji yakishaingia kwa juu hayatoki mpaka uivue na kuipindua.

Buti za kamba zenye kitambaa kizito kilichofungwa kutoka kwenye buti hadi chini ya goti zinafaa miezi mikavu na kwenye mawe ya Satima. Raba za mazoezi ziache nyumbani. Tope huzivua mguuni, na kuitafuta raba kwa mkono ndani ya shimo la tope ni kazi ya robo saa.

Vitu vingine:

- Suruali na fulana za kitambaa chepesi kinachokauka haraka. Jinzi iliyolowa huwa nzito, hunyonya joto la mwili na huchubua mapaja.
- Koti la mvua lisilopitisha maji kweli. Lijaribu chini ya bomba dakika tano.
- Sweta ya sufu au flisi, kofia na glavu, pamoja na seti moja ya nguo kavu ambayo haivaliwi mpaka dharura.
- Maji lita 3. Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi katika mbuga na misitu ya hifadhi, kwa hiyo tumia chupa za kudumu. Mifuko ya kubebea ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 2017. Nguo kavu zitie kwenye mfuko wa turubai unaokunjwa mdomo.
- Chakula kinacholika kwa mkono mmoja ukiwa umesimama: chapati, mayai ya kuchemsha, nduma, njugu, ndizi. Ongeza glukosi au peremende.
- Tochi ya kichwa kwa kila mtu, filimbi, blanketi la dharura, bendeji na plasta za malengelenge.
- Fimbo imara inayofika kwenye kiwiko. Njoo nayo, usikate mwanzi wa hifadhini.

Maji ya mito ya juu yanaonekana safi, lakini wanyama hulala na kunya humo humo. Kwa mwinuko huu yachemshe dakika tatu baada ya kuanza kutokota.

5. Kutembea kwenye tope

Hapa ndipo muda unapopotea, na unaweza kujifunza kuuokoa.

Piga fimbo mbele kabla ya mguu. Ikizama zaidi ya upana wa viganja viwili, tafuta mahali pengine. Shimo la duara lililojaa maji ni unyayo wa ndovu. Juu linaonekana kama dimbwi tu, ila mguu unaweza kuzama mpaka katikati ya shavu la mguu. Kanyaga penye mizizi, pale mianzi inapochomoka ardhini, kwa sababu mizizi imefuma sakafu chini ya tope. Usikanyage mwanzi ulioanguka ukalala njiani. Ukiwa umelowa huteleza kama sabuni, na ukikanyagwa upande mmoja, upande wa pili huinuka na kumpiga anayekufuata. Acheni hatua tatu kati ya mtu na mtu.

Mguu ukikwama usiuvute wima. Tope limezuia hewa kuingia chini ya soli, na nguvu yako yote itaishia kwenye kuivua gambuti. Inua kisigino kwanza, utikise mguu kushoto na kulia mpaka usikie hewa ikiingia, ndipo uvute kwa kuelekea nyuma. Kama umekwama miguu yote miwili, kaa. Ndiyo, kaa chini kwenye tope. Uzito ukiondoka miguuni, miguu hutoka.

Jihadhari na visiki vya mianzi kuliko kitu kingine chochote. Watu hufyeka njia kwa panga, na panga huacha kisiki kilichochongoka mshazari, kifupi na kigumu. Ukiteleza ukaangukia kiganja au paja, ni jeraha la kutoboka. Ndiyo maana wakati wa kushuka ni heri kuangukia makalio kuliko kunyoosha mikono mbele. Shuka kwa hatua fupi, magoti yakiwa yamelegea, kisigino kikichimba. Mahali penye mteremko mkali geuka ubavu. Kushika mwanzi mkavu hakusaidii kwa kuwa hukatika. Shika ule mbichi, chini karibu na ardhi, ukiwa umevaa glavu.

Njia ikiwa na tope la wastani, pita katikati. Kila anayezunguka pembeni hupanua tope hilo, na baada ya wiki chache njia ya mita moja huwa bwawa la mita sita.

Juu ya mianzi tope hubadilika. Unaingia kwenye nyasi za mafundo, zenye maji meusi katikati ya fundo na fundo. Ukikanyaga kando ya fundo, hupinduka pamoja na kifundo cha mguu wako. Kanyaga katikati yake au uliache kabisa. Mimea laini ya kijani kibichi iliyotanda kama zulia mara nyingi hufunika kina. Penye erika, ule mti wa matawi membamba unaoning'iniza ndevu za kijivu, kwa kawaida ardhi ni ngumu zaidi. Basi fuata erika hata kama ni kuzunguka.

6. Kuisoma njia

Njia nyingi utakazoziona Aberdare zimetengenezwa na ndovu, na zinashawishi: ni pana, zina mteremko wa polepole, hazina visiki. Huelekea anakotaka ndovu, yaani kwenye maji na malisho. Itambue kwa kinyesi, kwa nyayo za duara, na kwa tope lililosuguliwa kwenye vigogo juu ya kimo cha kichwa chako. Njia ya watu ina visiki vya panga, alama za soli na, kwa bahati mbaya, karatasi za peremende. Ukitembea dakika kumi bila kuona kisiki kilichokatwa, simama, angalia rekodi, rudi.

Kwenye kila njia panda, geuka nyuma upige picha. Unakoenda utakuona, shida huwa ni kurudi, kwa sababu njia ya kushuka inaonekana tofauti na ile uliyoipanda. Weka alama kwenye GPS mahali pasipopungua patatu: ulipoacha shamba au msitu wa kupandwa, ulipoingia kwenye mianzi, na ulipotoka juu ya mianzi. Hapo pa tatu ndipo muhimu kuliko pote. Kule Elephant Hill, ukishatoka kwenye mianzi ukifika pale wapandaji wanapopaita Point of Despair, geuka utazame ule mlango. Mchana, ukungu ukishuka, mianzi yote itakuwa ukuta mmoja na mlango wenyewe una upana wa mtu mmoja. Funga utepe wa rangi kali, na wa mwisho kushuka aufungue.

Kama GPS imekufa na mnaurudia mlango huo kwa dira ndani ya ukungu, msiulenge wenyewe. Lengeni makusudi mita mia moja upande wake wa kushoto. Mkifika ukingoni mwa mianzi mtajua kwa yakini kwamba mnapaswa kugeuka kulia. Mkiulenga wenyewe mkaukosa, hamtajua mgeuke wapi.

Ndani ya mianzi mtu aliye hatua kumi mbele haonekani. Wapiganaji wa Dedan Kimathi, wa vita vya Mau Mau dhidi ya Waingereza, waliishi misitu hii miaka ya hamsini, na mojawapo ya silaha zao ilikuwa hiyo hiyo. Kwenu ninyi ni tatizo, kwa hiyo hesabianeni kwa sauti kila robo saa.

Ule ushauri kwamba ukishuka kwa kufuata mto utafika salama, usiufuate hapa. Mito ya Aberdare huporomoka kwenye makorongo. Maporomoko ya Karuru pekee yana mita 273 kwa hatua tatu. Shuka kwa kufuata mgongo wa mlima, si bonde. Kumbuka pia kwamba upande wa magharibi mlima hukatika ghafla kuelekea uwanda wa Kinangop na mashamba yako karibu, ilhali mashariki msitu ni mrefu zaidi. Milima imezungukwa na uzio wa umeme wa karibu kilomita 400 uliokamilika mwaka 2009. Ukiufikia, usiuguse wala usijaribu kupenya. Ufuate kwa ndani mpaka upate geti au mtu wa kuutunza.

7. Wanyama na wadudu

Zungumzeni kwa sauti ya kawaida ndani ya mianzi ili mnyama asishtuke. Askari akiinua mkono, nyamazeni na msimame nyuma yake. Nyati akitokea, msitawanyike ovyo. Panda mti au jifiche nyuma ya kigogo kinene. Kinyesi cha ndovu kinachotoa mvuke kinatosha kuwafanya msubiri au mzunguke, hata kama muda unawabana.

Thabai, mmea wenye vinywele vinavyochoma, huwasha hata kupitia suruali nyembamba. Mkikutana na siafu, piteni mbio mkiwa mmeingiza suruali ndani ya soksi.

8. Baridi na kichwa kuuma

Mtu aliyelowa kwenye upepo wa mita 3,500 anaweza kupoteza joto la mwili hata kama kipimajoto hakijakaribia sifuri. Dalili ya kwanza ni kutetemeka. Inayofuata ndiyo ya hatari: anajikwaa, anazungumza kwa kuvuta maneno, halafu anaacha kulalamika. Aliyenyamaza ndiye wa kuangaliwa. Mtoeni kwenye upepo, mvueni vilivyolowa, mvisheni nguo kavu, mfunikeni blanketi pamoja na mtu mwenye joto, mpeni kitu kitamu kama anaweza kumeza. Msimsugue mikono na miguu, msimpe pombe.

Nairobi iko kwenye mita 1,700 hivi. Kutoka huko hadi 3,600 kwa asubuhi moja ni ghafla. Kuumwa kichwa kidogo si ajabu. Kichwa kikiuma pamoja na kichefuchefu au kizunguzungu, shukeni naye bila kungoja kilele, na mtu asiachwe "apumzike hapo tutamchukua tukirudi".

9. Mkipotea

Simameni mara tu mtu wa kwanza anaposema "sina uhakika". Kunyweni maji, tazameni rekodi, rudini kwa nyayo zenu wenyewe mpaka mahali mnapopajua. Msigawanyike kutafuta njia. Simu hushika mtandao zaidi kwenye migongo ya mlima kuliko mabondeni. Pigeni kituo mlichoanzia, kisha 999 au 112, mkisoma namba za GPS. Filimbi: mipigo mitatu, kimya dakika moja, tena.

Giza likiwakuta mbali na njia, lalani. Chagueni upande usio na upepo penye erika, si chini bondeni ambako hewa baridi hutuama. Vaeni nguo kavu, kalieni mabegi, mkae mmebanana.

Mkitoka salama, hesabianeni mara ya mwisho getini, mtie sahihi kitabu cha kutokea na kumpigia mliyemwachia taarifa za safari, kabla hamjapanda matatu. Osheni gambuti siku hiyo hiyo kwa maji baridi, mzipindue, mzikaushe kivulini. Jua kali hupasua mpira.